Njiwa wa Udongo Halengwi kwa Darubini



Juma hili nazungumza juu ya bunduki. Sisemi bunduki za vita, ambazo watu wa Ngara na Biharamulo wamezisikia vya kutosha. Nasema ile bunduki ya marisau ambayo wengi tunaiita shotgani, na ambayo baadhi ya wakulima wetu wanaimiliki kwa leseni ili kulinda mazao na mifugo yao.

Msikilizaji mmoja wa Biharamulo ameniandikia. Anasema aliwaona katika televisheni wanamichezo wa Olimpiki wakivunja visahani vya udongo vinavyoruka angani, wala hawakosi. Anaye ndugu yake ng'ambo aliyemwahidi kumletea darubini ya kufunga juu ya bunduki. Swali lake ni hili: je, nikiifunga darubini hiyo juu ya shotgani yangu, nitaweza kulenga kama wale, na nyani wa shambani nao wakome?

Ni swali zuri, na jibu lake lina sehemu mbili. Ya kwanza ni ya michezo. Ya pili ni ya uhai wa watu, na ndiyo iliyonifanya nilichukue swali hili badala ya mengine.

Tuanze na michezo. Zamani, huko Ulaya na Marekani, watu wenye nafasi walikuwa wakishindana kupiga njiwa walio hai. Njiwa alifungiwa ndani ya kisanduku, kisha akafunguliwa ghafla, na mlengaji akampiga akiruka. Hata Paris mwaka 1900, wakati wa Michezo ya Olimpiki, njiwa hai walipigwa namna hiyo. Watu wengi walichukizwa na mchezo huo, na Uingereza iliupiga marufuku kwa sheria mwaka 1921. Kabla ya hapo watu walikuwa wamekwisha kujaribu kurusha mipira ya kioo, na mwaka 1880 Mmarekani George Ligowsky alibuni kisahani cha udongo kinachorushwa kwa mtambo. Jina la njiwa likabaki, ndege mwenyewe akaachwa aishi.

Kisahani cha siku hizi kina upana wa sentimita 11 na uzito wa gramu 105 hivi. Mchezo huo si wa Wazungu peke yao. Mwaka 2004 kule Athens, Sheikh Ahmed Al Maktoum wa Falme za Kiarabu alishinda katika mashindano ya visahani viwili vinavyorushwa kwa pamoja, akaipatia nchi yake medali ya kwanza ya dhahabu ya Olimpiki.

Sasa sikiliza jambo ambalo ndugu yetu wa Biharamulo hakuliona katika televisheni. Bunduki za washindani hao hazina darubini. Kanuni za kimataifa za mchezo huo zinakataza kifaa chochote cha kukuza au cha kuangaza kufungwa juu ya bunduki. Na hata kama zingeruhusu, mlengaji hodari angeikataa mwenyewe. Kwa nini? Tufanye hesabu.

Risasi ya shotgani ya mchezo huo ina gramu 24 za marisau, yaani punje karibu 300. Zikitoka mtutuni hutawanyika kidogo kidogo, hata zikifika mbali zinafunika eneo lenye upana kama wa sinia kubwa la wali. Kwa hiyo mlengaji hatafuti nukta moja. Kazi yake ni kulifikisha sinia hilo mahali ambapo kisahani kitakuwepo.

Tuseme kisahani kinakatiza mbele yako, umbali wa mita 30, kwa mwendo wa kilometa 80 kwa saa. Hiyo ni mita 22 kwa kila sekunde. Marisau huchukua kama sehemu moja ya kumi ya sekunde kufika hapo, na katika muda huo kisahani kimekwisha kusogea mita 2 na zaidi. Ukikilenga chenyewe, marisau yatapita nyuma yake. Ni lazima mtutu uelekee mbele yake kwa mita 2 hivi, tena ukiwa unaendelea kutembea pamoja nacho.

Sasa ifunge darubini inayokuza mara nne. Darubini ya kawaida ya namna hiyo, kwa umbali wa mita 30, hukuonyesha eneo lenye upana wa mita 3 tu. Kutoka katikati ya kioo, penye alama ya msalaba, hadi ukingoni ni mita moja na nusu. Ukiipeleka alama mita 2 mbele ya kisahani, basi kisahani chenyewe hakimo tena ndani ya kioo! Utakuwa unalenga hewa, na kile unachotaka kukipiga hukioni. Ukikirudisha kisahani ndani ya kioo, umechelewa. Hiyo ndiyo hesabu nzima, na hakuna mazoezi yanayoweza kuishinda.

Ndiyo maana walimu wa mchezo huo huwaambia wanafunzi wao wafungue macho yote mawili, walitazame shabaha lenyewe, na mtutu uufuate mkono kama kidole kinavyofuata jicho unapomwonyesha mwenzio ndege mtini. Ile shanga ndogo iliyo mwisho wa mtutu haikazanii macho, inatosha kuwepo. Zaidi ya hayo, shotgani inarudi nyuma kwa nguvu, na darubini iliyokaribishwa mno jichoni humpasua mtu nyusi.

Kuna mahali ambapo darubini juu ya shotgani ina maana. Katika baadhi ya majimbo ya Marekani wawindaji wa paa hutakiwa kutumia shotgani yenye risasi moja nzito badala ya raifo, kwa sababu risasi ya raifo huenda mbali mno na kuhatarisha vijiji. Hapo mnyama amesimama, risasi ni moja, na mlengaji ana nafasi ya kutulia. Darubini inamfaa. Lakini kitu kirukacho ni habari nyingine.

Hiyo ndiyo sehemu ya kwanza. Msikilizaji wangu anaweza kusema, "Sawa, visahani nimeviacha. Lakini nyani na nguruwe-mwitu mara nyingi husimama. Kwa hao, je?" Hapa naomba tusikilizane kwa makini.

Mashamba yetu hayafanani na viwanja vya michezo. Kiwanjani kuna mstari wa kusimama, kuna msimamizi, na mbele ya mtutu hakuna mtu. Shambani Ngara au Biharamulo, saa kumi na mbili jioni, ng'ambo ya mahindi kuna mama anayerudi na kuni, upande wa kushoto kuna mtoto anayeswaga mbuzi, na kwenye kijia cha mgombani anapita jirani na baiskeli yake. Vilima vya Ngara vina watu kila mahali. Mwenye macho mawili wazi atawaona wote. Aliyefumba jicho moja na kulibandika la pili kwenye kioo amejichimbia shimo na kuchungulia kwa tundu lake. Anaona manyoya ya nyani kwa uzuri sana, lakini haoni ni nani anayetokea pembeni.

Tena kuna ubaya mwingine mkubwa kuliko huo. Mtu mwenye darubini juu ya bunduki huanza kuitumia kutazamia. Kitu kimetikisika kichakani. Anainua bunduki ili aangalie ni nini. Wakati anaangalia, mtutu wenye risasi umekwisha kumwelekea huyo anayemwangalia. Ikiwa ni mtu, basi mtu huyo ameelekezewa bunduki kabla hajajulikana kuwa ni mtu. Kidole kikiteleza, au giza likimdanganya mlengaji akaona nguruwe mahali alipoinama mkulima mwenzake, hakuna fidia itakayotosha. Majuto ni mjukuu.

Tukumbuke pia umbali. Marisau madogo huishiwa nguvu na kuanguka baada ya mita 200 hivi. Risasi moja nzito ya shotgani huweza kufika karibu kilometa moja. Anayeongeza darubini kwa kawaida huongeza na umbali wa kupigia, na katika kilometa moja ya kijiji chetu kuna nyumba ngapi?

Lipo na jambo la sheria. Leseni ya bunduki hutolewa kwa silaha inayojulikana na kwa sababu iliyoelezwa. Tunayo Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na kabla ya kufunga kifaa chochote juu ya bunduki yako, nenda kwanza polisi wilayani ukaulize. Kanga na kwale nao ni wanyamapori. Kuwawinda kunahitaji kibali, hata wakipatikana nyuma ya nyumba yako. Mapori ya akiba ya Burigi, Biharamulo na Kimisi tangu mwaka 2019 yamo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato. Askari wa hifadhi akikukuta karibu na mpaka wake na bunduki yenye darubini, hatafikiri kwamba unalinda mahindi.

Na wala hatakuwa amekosea kufikiri hivyo, kwa maana eneo hili lina historia. Mwishoni mwa Aprili 1994, watu wapatao robo milioni walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kwa muda wa siku moja hivi, na mapanga waliyonyang'anywa mpakani yakarundikwa kando ya barabara. Katika miaka ya makambi, nyama ya porini iliuzwa kwa siri hata ikapewa jina la mchicha wa usiku. Silaha zilizozagaa zikawafanya wasafiri wa njia ya msitu wa Biharamulo waogope kupita bila askari. Watu walioishi hayo hawaipokei bunduki mpya, wala kifaa kipya cha bunduki, kama mchezo.

Basi, ndugu yangu wa Biharamulo, jibu langu ni hili. Mruhusu ndugu yako alete darubini, lakini mwambie alete ile ya kushika mkononi, ya macho mawili. Ivae shingoni. Kitu kikitikisika kichakani, bunduki ibaki chini, darubini ndiyo ipande. Tazama, tambua, kisha tazama na nyuma yake. Ukiona ni jirani, mpungie mkono. Ukiona ni nyani, piga kelele kwanza, wape na watoto debe walipige, na kubalianeni na majirani zamu za kuamia. Nyani huogopa watu wengi kuliko mtu mmoja mwenye kioo.

Darubini ni kifaa chema kikiwa mahali pake, na juu ya mtutu wa shotgani ya kijijini si mahali pake.