Usihamishe Mathenge kwa Lori: Udongo wa Ujenzi Usafishwe Palepale

(Maelezo ya kusomwa katika mabaraza ya wananchi)



Anayechimba msingi Marigat hubaki na rundo la udongo. Mara nyingi lori huubeba, ukauzwa kwa jirani anayejaza ploti yake au ukamwagwa kando ya korongo. Ikiwa hapo palikuwa na mathenge, lori hilo limebeba pia mbegu na visiki. Mvua ikinyesha, jirani ana kichaka. Na kilichomwagwa korongoni hubebwa na maji hadi mto Perkerra au Molo, kisha ziwani.

Hasara yake mnaijua. Mmea huu uliletwa hapa mwanzoni mwa miaka ya 1980 ili kuzuia jangwa na kutupatia kuni. Ukameza malisho. Mbuzi waliokula maganda yake matamu waliharibika meno, na mwaka 2006 baadhi ya wakazi wakaishtaki serikali mahakamani. Mwaka 2008 serikali ikautangaza rasmi kuwa gugu hatari.

Hata hivyo, udongo huo si wa kutupa. Unaweza kutumika palepale ulipochimbwa, mkifuata hatua hizi.

Kwanza, ng'oeni kabla ya kuchimba. Mathenge ikikatwa juu ya ardhi huchipuka tena, kwa hiyo kisiki kitolewe pamoja na shingo ya mzizi iliyo chini ya udongo. Mbao, nguzo na makaa ni mali yenu. Maganda yakusanywe na kuchomwa, mbuzi wasiyafikie, kwa maana mbegu hupita tumboni mwao na kuota penye kinyesi.

Pili, tenganisheni udongo. Mbegu nyingi ziko katika tabaka la juu. Mwambieni mwenye tingatinga aondoe tabaka hilo kwanza na kuliweka rundo lake. Udongo wa chini, ukiwa hauna mizizi, ndio wa kujazia msingi.

Tatu, chekecheni rundo la juu kwa wavu wa chuma ili kutoa vipande vya mizizi na maganda. Mbegu ndogo zitapita. Basi tandazeni udongo huo, umwagilieni maji, na miche ikichomoza ing'oeni ingali michanga. Rudieni kila inapoota.

Nne, zikeni. Mbegu ya mathenge ina ganda gumu na huweza kulala udongoni miaka mingi, kwa hiyo msiuhesabu udongo huo kuwa safi kabisa. Utumieni kusawazisha mashimo ya uani, kisha ufunikeni kwa tabaka nene la udongo wa chini. Msiuweke chini ya sakafu ya nyumba: mafundi wanajua kwamba udongo wenye majani na mizizi hudidimia, na ukuta hupasuka.

Wenzetu wa Uingereza wanasumbuliwa na gugu lililotoka Japani, ambalo kipande kidogo tu cha mzizi huchipuka. Mwongozo wa huko unataka udongo wake, ukizikwa kwenye eneo la ujenzi, uwe chini angalau mita 5, au mita 2 ukiwa umefungwa kwa karatasi maalumu isiyopenywa na mizizi. Mathenge ni mmea tofauti, lakini funzo ni moja: udongo wenye gugu hautolewi ovyo mahali ulipo.

Kabla ya kununua lori la udongo, muulizeni dereva umechimbwa wapi. Kabla lori halijaondoka kwenu, liondoeni matope kwenye magurudumu. Kwa misimu ya mvua inayofuata, kagueni ua wenu na kung'oa kila mche. Mkiwa na shaka, mwoneni afisa wa kilimo wa wadi yenu.

Mche wa leo hung'olewa kwa vidole viwili. Ukiachwa, utahitaji tingatinga.