Bwana Hutazama Moyo

Mwaka 2008 Wamarekani walimchagua Barack Obama, ambaye baba yake alitoka Kenya. Je, rangi iliwaongoza wapiga kura? Walipoulizwa wakitoka vituoni, Weusi 95 katika kila 100 walisema wamemchagua, Wazungu, 43. Lakini John Kerry, Mzungu wa chama hicho hicho, alipata Wazungu 41 mwaka 2004. Basi rangi ina nguvu, ila si yote. Nasi huku tulishangilia: je, tulipenda sera zake, au damu yake? Samweli alivutiwa na umbo la Eliabu, Bwana akamkataza. Tunapopiga kura zetu, tusiliweke kabila mbele ya haki. Bwana atufumbue macho. Amina.