Ngozi Baada ya Dozi: Ukoma na Miaka Isiyohesabiwa



Baka la ukoma haliwashi wala haliumi. Huwa na rangi ya shaba, au hupauka kidogo kuliko ngozi inayolizunguka, na likiguswa kwa ncha ya pamba mwenye nalo hahisi kitu. Kwa kuwa halimsumbui, hukaa nalo muda mrefu akidhani ni fangasi au alama ya jua. Bakteria wanaolileta, Mycobacterium leprae, waligunduliwa na daktari Gerhard Armauer Hansen huko Bergen, Norwei, mwaka 1873. Hugawanyika mara moja katika muda wa takriban wiki mbili, mwendo wa taratibu mno kwa bakteria, na ndiyo maana dalili huchukua wastani wa miaka 5 kujitokeza, wakati mwingine 20 au zaidi. Hupendelea sehemu za mwili zenye ubaridi: ngozi, pua, masikio, na mishipa ya fahamu inayopita karibu na ngozi kwenye kiwiko, kifundo cha mkono na goti. Ugonjwa tunauona kwenye ngozi, lakini hasara yake kubwa hutokea katika mishipa hiyo. Nitakayoyatetea leo yanatokana na tofauti hiyo. Huduma zetu zimejengwa kuzunguka kuwaua bakteria, na siku kazi hiyo inapokamilika mgonjwa hufutwa katika rejesta, wakati ngozi na mishipa yake bado inahitaji jicho la mtaalamu kwa miaka kadhaa.

Dawa zenyewe ni mafanikio makubwa, na sina nia ya kuyapunguza. Hadi miaka ya 1970 mgonjwa alimeza dapsone peke yake kwa miaka mingi, wengine maisha yao yote, na bakteria wakaanza kuizoea. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mchanganyiko wa rifampicin, dapsone na clofazimine, na tangu 1995 dawa hizo hutolewa bila malipo duniani kote. Mwenye mabaka yasiyozidi matano hutibiwa miezi 6, mwenye zaidi miezi 12. Baada ya dozi za mwanzo tu, haambukizi tena mtu yeyote. Mwaka 1991 nchi wanachama wa shirika hilo ziliazimia kuutokomeza ukoma kama tatizo la afya ya jamii, na kipimo kikawa chini ya mgonjwa mmoja kwa kila watu 10,000. Dunia kwa ujumla ilitangazwa kufika hapo mwaka 2000, Tanzania mwaka 2006.

Tukitazame kipimo hicho kwa makini. Kinawahesabu walio kwenye dawa siku ya hesabu. Miaka ya 1990 muda wa matibabu kwa wenye mabaka mengi ulipunguzwa kutoka miezi 24 hadi 12, na mabadiliko hayo peke yake yaliwaondoa kwenye rejesta karibu nusu ya wagonjwa wa kundi hilo bila hata ambukizo moja kuzuiwa. Elimu ya msingi ikifupishwa kutoka miaka saba hadi mitatu, madarasa yatapungua wanafunzi, na hakuna atakayedai kwamba watoto wanaozaliwa wamepungua. Wagonjwa wapya ndio kipimo cha haki zaidi, nao kabla ya korona walikuwa takriban 200,000 kila mwaka duniani. Mwaka 2023 walizidi 180,000. Tanzania, Msumbiji na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo bado zimo katika orodha ya nchi zinazopewa kipaumbele, na Wakomori wa visiwa vya Nzwani na Mwali wanaujua ugonjwa huu kwa karibu sana. Hata idadi ya wagonjwa wapya, hata hivyo, haisemi lolote kuhusu aliyemaliza dawa mwaka jana.

Huyo aliyemaliza anaweza kuamka siku moja mabaka ya zamani yamevimba na kuwa mekundu, kiwiko kinauma, na kidole cha mwisho hakinyooki. Mwingine hupata homa na vinundu vyenye maumivu makali usoni, mikononi na mapajani, vinavyopoa na kurudi kwa miezi, pengine kwa miaka. Hali zote mbili ni mcharuko wa kinga ya mwili. Bakteria wamekufa, lakini mabaki yao huchelewa kuondoka katika tishu, na mwili unaendelea kupigana nayo. Vita hivyo vikipiganwa ndani ya mshipa wa fahamu, mshipa huvimba, hubanwa, na hatimaye hufa. Hapa muda ndio kila kitu. Udhaifu uliodumu chini ya miezi 6 mara nyingi hurudi nyuma kwa prednisolone inayotolewa kwa wiki kadhaa na kupunguzwa taratibu. Ukipita muda huo, matumaini hupungua sana. Kwa hiyo hatari ya ulemavu haikomi siku ya kidonge cha mwisho, na mtu aliyefutwa kwenye rejesta hana tena tarehe ya kurudi kliniki. Akirudi mwenyewe, atampata mhudumu ambaye pengine hajawahi kuona mcharuko, na ataondoka na dawa ya mzio au ya malaria.

Kuna pia mambo ya kila siku ambayo takwimu hazigusi kabisa. Clofazimine huifanya ngozi iwe nyeusi na kavu, na weusi huo huchukua miezi mingi kuisha baada ya dawa. Kwa mtu aliyeficha ugonjwa wake, tiba yenyewe ndiyo inayomtangaza, na wapo wanaoiacha kwa sababu hiyo. Mkono wenye ganzi hushika sufuria ya moto bila kujua. Mguu wenye ganzi hutembea na mwiba mchana kutwa. Daktari Paul Brand, aliyefanya kazi Vellore nchini India kuanzia miaka ya 1940, alionyesha kwamba vidole vya wagonjwa haviozi wala havidondoki kwa nguvu ya ukoma. Huharibiwa na majeraha yasiyohisiwa na vidonda visivyopumzishwa. Ugunduzi huo ulipaswa kubadilisha fikra zetu zote, kwa maana sehemu kubwa ya ulemavu tunaouogopa inazuilika kwa kuloweka miguu majini, kusugua sugu, kupaka mafuta, kuvaa viatu vyenye soli laini ndani na ngumu chini, na kujikagua kila jioni. Lakini mazoea hayo hufundishwa, na mwalimu wake lazima aonekane zaidi ya mara moja.

Wapo wenzangu wanaohofia kwamba maneno haya yatarudisha unyanyapaa. Kwa miongo mingi tumewaambia wananchi kwamba ukoma unatibika. Tukisema leo kwamba aliyepona anaweza kutokwa na vinundu, si watasema dawa hazifanyi kazi na kumtenga tena? Hofu hiyo ni ya kweli, na inatoka kwa watu wanaojali. Lakini vinundu vitatoka, tukisema tusiseme. Jamii isiyoelezwa itahitimisha yenyewe kwamba ugonjwa umerudi, na mgonjwa atahitimisha hivyohivyo na kujificha katika ile miezi michache ambayo mshipa wake ungeokolewa. Ukoma kurudi baada ya tiba kamili ni jambo nadra. Mcharuko ni jambo la kawaida. Mke, mume na jirani wanaweza kuelewa kwamba mtu huyu haambukizi na wakati huohuo anahitaji dawa ya uvimbe. Kuwanyima maelezo hayo ni kuwadharau.

Pingamizi la pili ni la fedha. Zahanati yenye wahudumu wachache inakabiliwa na malaria, kifua kikuu, akina mama wajawazito na shinikizo la damu. Ukoma ni wagonjwa wangapi kwa mwaka? Ni wachache, nakubali, na uchache huo ndio unaowafanya wahudumu wausahau. Ila tuhesabu pia gharama ya mkulima wa miaka 30 asiyeweza kushika jembe. Vifaa vya kumpima ni pamba na kalamu ya wino, na kazi hiyo huchukua dakika chache. Prednisolone ni dawa ya bei nafuu. Naikubali hatari yake: inapandisha sukari, inadhoofisha mifupa, inaweza kuamsha kifua kikuu kilicholala, na kwa hiyo isiachiwe mgonjwa ainunue dukani na kujipimia mwenyewe. Hilo nalo linadai ufuatiliaji.

Na ufuatiliaji una njia iliyokwisha kuchongwa. Tangu 2018 Shirika la Afya Duniani linapendekeza dozi moja ya rifampicin kwa wanaoishi karibu na mgonjwa. Katika jaribio kubwa la Bangladesh dozi hiyo ilipunguza ukoma kwa zaidi ya nusu ndani ya miaka miwili ya mwanzo, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoonyesha kwamba mpango huo unatekelezeka ndani ya huduma za kawaida. Kuitoa dozi hiyo kunamlazimu mhudumu kufika nyumbani, kukagua ngozi za watoto, na kuuliza habari za majirani. Mratibu wa Kifua Kikuu na Ukoma wa Wilaya akiagiza kwamba katika safari hiyohiyo kila aliyemaliza dawa ndani ya miaka mitano apimwe mikono, miguu na macho, na matokeo yaandikwe kwenye rejesta ileile ambayo jina lake lilifutwa, kinachohitajika zaidi ni safu moja ya ziada kwenye karatasi na mhudumu aliyefundishwa namna ya kuijaza.