Mdomo Mmoja Mbele ya Tajiri
(Maneno yaliyosemwa na mwenye duka wa Chitete mbele ya wanachama)



Mimi ni mtoto wa visiwani, lakini riziki imenitupa Chitete, wilaya ya Momba, mkoani Songwe, ambako nauza sukari na sabuni. Mwenye duka hupata habari za kazi mapema, kwani aliyekosa mshahara huja kwanza kwake kukopa.

Alinijia kijana mchukuzi wa magunia, kafukuzwa na tajiri wake kwa kuuliza habari za ujira. Nikamwambia, "Umeshitaki?" Akajibu, "Mzee, nangoja hasira zake zipoe." Alikwisha kungoja siku arubaini! Nazo kanuni za mwaka 2007, chini ya Sheria ya Taasisi za Kazi ya Bara, namba 7 ya 2004, humpa aliyeachishwa siku 30 tu kufika mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Akichelewa, hana budi kuomba ruhusa na kutoa udhuru.

Lau pangalikuwapo tawi la chama cha wafanyakazi, asingalingoja peke yake. Chama kilichopata wafanyakazi walio wengi, sheria humlazimisha tajiri kukitambua na kujadiliana nacho kwa nia njema. Na mapatano yakishatiwa sahihi huwafunga wote wawili. Wakizozana juu ya nyongeza, msuluhishi wa Tume ana siku 30 za kuwapatanisha. Akishindwa, wafanyakazi waweza kupiga kura ya kugoma na kumpa tajiri notisi ya saa 48.

Lakini chama chaweza kuwapo kisiwe kitu. Mwaka 1964 Serikali ya Tanganyika iliunda chama kimoja tu cha wafanyakazi, NUTA, na Katibu Mkuu wake, Bwana Michael Kamaliza, alikuwa ndiye Waziri wa Kazi. Huyo akidai, anamdai nani? Mizani yangu ina vitanga viwili. Mkono mmoja ukivishika vyote, haipimi.

Nasi Unguja tunakumbuka mgomo wa wachukuzi wa bandarini wa Agosti 1948, ulioenea mjini Septemba. Kazi ilisimama kwanza, mazungumzo yakafuata. Leo tunayo Sheria ya Uhusiano Kazini, namba 1 ya 2005. Ni wangapi kati yetu walioisoma?

Yule kijana nimemwandikia barua ya udhuru kwa mkono wangu. Jibu halijafika. Wenzake waliobaki kazini wamekuja dukani, usiku, kuuliza wajiandikishe wapi.