Fungu la Mlezi



Mtukula Pakhomo, mpango wa serikali ulioanza Mchinji mwaka 2006, huzitazama nyumba fukara zisizo na mtenda kazi, au ambamo mtenda kazi 1 ana wategemezi zaidi ya 3. Basi mama mwenye afya na watoto 2 huweza kuachwa nje, kwani yasemwa aweza kulima. Nani basi atamgeuza, amlishe na kumwosha mwanawe asiyeweza kuketi?

Sayyidna Umar aliwawekea watoto fungu katika Baitulmali. Sisi twampelekea mama huyu unga wa Idi (nami nimo), kisha twamsahau miezi 11. Zaka ni haki ya fakiri. Naomba chama kimkatie fungu la kila mwezi, tangu Muharram ijayo.