Ada ya zimamoto: mkazi mpya alipe kiasi gani?

Anayejenga nyumba mpya katika miji mingi ya Marekani hukuta katika gharama za kibali cha ujenzi malipo yaitwayo ada ya athari za ujenzi. Sehemu ya ada hiyo huweza kwenda kwa kikosi cha zimamoto na uokoaji. Wahamiaji wengi, Waswahili wakiwamo, huuliza: kwa nini mtu alipie moto ambao haujawaka?

Hoja ya halmashauri ni kwamba mtaa mpya huleta miito mipya ya dharura: moto, ajali na, zaidi ya yote, wagonjwa. Kiwango cha NFPA 1710, kilichotolewa mara ya kwanza mwaka 2001, kiliweka sekunde 240 kuwa muda wa safari wa gari la kwanza hadi penye moto. Mtaa ukijengwa mbali na kituo, sekunde hizo huisha gari likiwa lingali njiani.

Hesabu yenyewe si ngumu. Tuseme, kwa mfano tu, kituo kipya na gari lake vitagharimu dola milioni 7. Nusu ya miito yake itatoka kwa wakazi wa zamani, nusu kwa wakazi wapya 10,000 wanaotarajiwa. Wapya watabeba dola milioni 3.5, yaani dola 350 kwa kila mmoja. Nyumba ya watu watatu italipa dola 1,050.

Penye ugomvi ni ile nusu. Halmashauri ikiwatwisha wapya gharama yote, inawalipisha pengo lililoachwa na wenyeji. Isipowatoza kitu, wenyeji watalipia ukuaji wasiousababisha, au kituo kisijengwe kabisa.

Kwa hiyo sheria huweka mipaka. California, kwa sheria iliyopitishwa mwaka 1987, hudai uhusiano wa haki kati ya ada na mahitaji yanayoletwa na ujenzi. Fedha hutengwa katika akaunti yake, na zikikaa miaka mitano bila kutumika, halmashauri isipotoa maelezo yanayotakiwa, lazima zirejeshwe kwa mwenye nyumba wa wakati huo. Texas, kwa sheria ya mwaka huohuo, iliruhusu ada za maji, majitaka, mifereji ya mvua na barabara, lakini si za zimamoto.

Mwaka 2024 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua shauri la George Sheetz, aliyetozwa dola 23,420 za barabara na kaunti ya El Dorado kwa nyumba moja. Majaji wote walikubaliana kwamba ada haikwepi kupimwa kikatiba kwa sababu tu imetungwa na baraza. Hawakusema kuwa kiasi kile kilikuwa haramu. Walilirejesha shauri California. Hata hivyo, msingi huo unazigusa ada za zimamoto pia.

Jambo moja lisisahaulike: kwa kawaida ada hii hujenga kituo na kununua gari, hailipi mishahara. Wanazimamoto huishi kwa kodi ya kila mwaka, ambayo mgeni na mwenyeji huilipa pamoja. Wahenga walisema, kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Hata kuuzima kwataka mchango wa kila mmoja, mradi umepimwa kwa mizani ya haki.