Nauli Ije Mwisho

Tuseme yuko kijana mkimbizi asiyeona, pale kambini Kakuma. Anajua kufuma sweta na anataka kuhamia kwenu mjini afanye kazi. Tumsaidieje?

Wengi wetu tunakimbilia kuchanga nauli. Hapana, karatasi kwanza. Sheria ya Wakimbizi ya 2021 inampa haki ya kufanya kazi, lakini ili atoke kambini anahitaji ruhusa ya kusafiri kutoka Idara ya Huduma za Wakimbizi, na ili afanye kazi anahitaji kibali cha kazi cha Daraja M. Akikamatwa njiani bila karatasi, mchango wenu umeishia hapo, na yeye ndiye ataumia.

Halafu tafuteni mnunuzi kabla hajafika. Si watoto wenu wanavaa sweta shuleni? Mwulizeni mwalimu mkuu.

Akifika, msimvute mkono kama mtoto. Yeye ndiye akushike kiwiko, wewe utangulie nusu hatua. Tembeeni naye kutoka nyumbani hadi sokoni, asubuhi na jioni, ahesabu kona na mitaro mpaka aweze kwenda peke yake. Na choo, jamani, mwonyesheni siku ile ile ya kwanza. Watu husahau, na mgeni huona haya kuuliza.